Kapteni wa Mizani

“Anti, ukiwa huko juu kabisa, unaonanga nyumba yetu?”

Aliyeuliza ni Mumo. Alikuwa na miaka minane, ameketi juu ya kreti ya soda iliyogeuzwa, shavu moja limevimba kwa chapati, macho hayabanduki kwenye shati jeupe la shangazi yake. Shati lilikuwa jipya, na mabegani lilikuwa na mistari ya rangi ya dhahabu ambayo Mumo alikuwa ameshaigusa mara mbili kuhakikisha haitoki.

Shangazi huyo ni Evalyne Kaluki, binti ya Maweu dereva wa lori, na sherehe ilikuwa yake. Ilikuwa Desemba ya mwaka 2018, nyumbani kwa Maweu huko nyuma ya Noonkopir, pale ambapo nyumba za Kitengela huanza kuachana na nyasi kujitokeza kati yake. Kaluki alikuwa amepata leseni ya urubani, ile inayokuruhusu kurusha ndege kwa mshahara. Mbuzi wawili walikuwa wamechinjwa. Madereva wa malori ya saruji walikuwa wamejaa uani na viatu vyao vyenye vumbi la kijivu, na kila aliyepita mbele ya Kaluki alisimama wima akapiga saluti: “Kapteni!”

Kaluki hakulijibu swali la mtoto. Aliinama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Si kwamba hakuwa na jibu. Miezi miwili kabla ya siku hiyo alirusha ndege ya chuo peke yake kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, akapita juu ya Kitengela akielekea Kajiado, akakata kona hadi Oltepesi, kisha akarudi. Alikuwa amejiahidi kuitafuta nyumba ya baba yake. Alipofika aliilaza ndege ubavu kidogo, akachungulia. Akaona mabati. Mabati na mabati na mabati, yanametameta juani, hakuna bati lililotofautiana na la jirani. Alizunguka mara moja, akazunguka tena, na kila dakika ya kuzunguka ilikuwa imelipiwa. Hakuiona. Sasa angemwambiaje mtoto, mbele ya watu wote hawa waliokuja kula na kufurahi kwa ajili yake, kwamba ukiwa huko juu sisi hatuonekani?

“Mumo, wacha anti yako akule,” akasema Phylis, mama yake Kaluki na Susu wa wajukuu, akipita na sinia. Na swali likaachwa hapo.

*

Mapenzi ya ndege yaliletwa na Maweu mwenyewe, bila kukusudia. Ndege kubwa zinazokwenda kutua Nairobi hushuka zikipita upande wa Kitengela, chini kiasi kwamba mtu mwenye macho mazuri husoma maandishi ubavuni. Siku zake za mapumziko Maweu alimkalisha binti yake juu ya jiwe la tenki la maji, wakashindana kuzitambua kwa rangi ya mkia. Aliyeshindwa aliosha vyombo. Kaluki alipofika darasa la nne, Maweu alikuwa anaosha vyombo kila Jumapili mpaka majirani wakasema amekaliwa na mke.

“Si mke,” Maweu alikuwa akiwajibu, mikono ndani ya povu. “Nimekaliwa na ndege.”

Kwa hiyo Kaluki alipomaliza kidato cha nne na alama za kuringia, akasema anataka urubani, Maweu hakuwa na njia ya kukataa. Ada yake ilikuwa ya kutisha. Ungenunua lori, si jipya, lakini lori. Mkopo wa serikali wa wanafunzi haukutosha, na benki ilitaka mali ambayo Maweu hakuwa nayo. Ikabaki sacco ya madereva, ambayo alikuwa ameiwekea akiba kwa miaka kumi na tisa.

Sacco haitaki sana mali. Inataka watu. Unaleta wanachama wenzako wanne, wanaweka sahihi kwamba ukishindwa kulipa, makato yatahamia kwenye mishahara yao, na akiba zao zitafungwa mpaka deni liishe. Maweu alimleta Githongo, jirani wa ukuta kwa ukuta, rafiki yake tangu wote wawili walipokuwa matanboi wa kupakia na kushusha mizigo. Alimleta Mwololo, mwenye mdomo. Na madereva wengine wawili wa saruji.

Karani wa sacco alikuwa mwanamke wa Isinya aitwaye Nasieku.

“Sopa, mama,” Maweu akamwamkia kwa Kimaasai.

“Ipa. Sasa mzee, kuna kitu moja nataka kujua nijaze hapa. Huyu msichana akimaliza hiyo kozi, itachukua muda gani apate kazi, muanze kulipa?”

Maweu akawageukia wenzake. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilifanywa na watu watano wenye akili timamu. Walichojua kuhusu leseni ni kwamba ukiipata, unapewa gari. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa mwezi na leseni mfukoni bila usukani mkononi.

“Mimi nilipewa yangu Jumatano,” Mwololo akasema. “Ijumaa nililala Namanga na trela.”

“Andika miezi mitatu,” Maweu akamwambia karani.

“Mitatu ni mingi,” Githongo akasema. “Huyu ni wa ndege, si wa tingatinga.”

Wakacheka. Nasieku akaandika mitatu. Kaluki alikuwa amesimama karibu na mlango, ana miaka kumi na tisa, na yeye pia hakujua.

Kisha Nasieku akawasomea sehemu ya mwisho, kwa sababu sheria ilimtaka asome. Mkopaji akifariki kabla ya kumaliza deni, bima ya sacco italipa yote yaliyobaki, na wadhamini wataachiliwa.

“Mmesikia?” Maweu akawanyooshea kidole. “Msianze kuniombea mabaya.”

“Wewe ishi,” Githongo akamjibu, akichukua kalamu. “Ishi tu. Sisi tutalipa.”

*

Miezi mitatu baada ya sherehe, Kaluki alikuwa amevaa lile shati jeupe mara kumi na nane. Alikuwa anahesabu kwa sababu kila mara alilifua kwa mkono, usiku mmoja likauke, na kola ilikuwa imeanza kulegea. Aliingia katika kila ofisi ya ndege pale Wilson yenye mlango uliofunguka. Kila mahali aliulizwa swali lilelile: umerusha ndege masaa mangapi?

Alikuwa na masaa mia mbili na manne, ya mafunzo.

“Ongeza yafike mia tano, urudi.”

“Nitayapata wapi, na hamnipi ndege?”

Mzee mmoja wa shirika la ndege za mizigo alimjibu vizuri, hata akavua miwani. “Binti yangu, hilo swali mnaniuliza watu sita kila wiki.”

Wengine walikuwa na njia. Kijana aliyesoma naye, Mureithi, alinunuliwa masaa na baba yake mwenye mashamba, akalipiwa na kozi ya aina moja maalum ya ndege, akaajiriwa. Wengine walikaa kiti cha mkono wa kulia, cha msaidizi wa rubani, kwenye ndege za mizigo bila mshahara, wakijilipia chakula na nauli mwaka mzima. Kaluki hakuweza hata hilo. Miezi mitatu ilikuwa imeisha, na mshahara wa Maweu ulikuwa umeanza kukatwa.

Jioni moja alimkuta baba yake amekaa kwenye jiwe la tenki, leseni yake mkononi, anaigeuzageuza.

“Hii si leseni?”

“Ni leseni, Baba.”

“Ya ukweli?”

“Ya ukweli.”

“Haijaisha?”

“Haijaisha.”

Maweu akaishika karibu na macho, akaisogeza mbali, akairudisha. “Sasa shida iko wapi?”

Kaluki akamweleza tena kuhusu masaa. Maweu alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa polepole, na Kaluki akajua kuwa baba yake ameelewa kila neno isipokuwa jambo lenyewe. Ni lori gani hilo, unaloruhusiwa kuliendesha baada tu ya kuwa umeshaliendesha?

Lakini kulikuwa na kitu kingine jioni hiyo ambacho Kaluki alikiona bila kukitambua: jinsi baba yake alivyoisogeza ile leseni mbele na nyuma. Mwezi uliofuata Maweu alianguka mtihani wa macho kazini. Kisukari kilikuwa kimefika huko. Kampuni ilimpa barua ya shukrani na koti la mvua, ikamtoa kwenye usukani.

Mshahara ukaisha. Makato yakahamia kwa wale wanne.

*

Mwaka uliofuata corona ikaja, ndege zikaegeshwa, na hata wale wenye masaa elfu wakawa wanauza mayai kwa simu. Aliyemtafutia Kaluki kazi alikuwa Githongo. Alisikia kuwa yadi ya saruji walikopakia inatafuta mtu wa mizani, ile mizani kubwa ya ardhini ambayo lori hupanda lote zima. Kaluki alikaa ndani ya kibanda cha kioo. Lori likipanda alisoma uzito, akabonyeza, mashine ikatoa karatasi ndogo nyeupe, akampa dereva kupitia dirisha. Malori mia moja kwa siku, wakati mwingine zaidi.

Fikiria kazi hiyo. Kila siku watu wanaokatwa mishahara kwa ajili yako wanapita mbele ya dirisha lako, mmoja mmoja, wakingoja uwape karatasi.

Mwololo ndiye aliyekuwa mgumu. Angeteremsha kioo chake chote.

“Habari ya juu, Kapteni?”

“Nzuri, mzee.”

“Umeona tani ngapi?”

“Ishirini na nane.”

“Na ile deni yako, iko kwa magurudumu gani? Maana naona lori inalalia upande wangu.”

Madereva waliokuwa nyuma yake wangecheka, honi zingepigwa, na Kaluki angetoa karatasi mkono ukiwa imara kabisa. Alikuwa amefundishwa hivyo: hata injini ikizima, sauti isitetemeke.

Githongo hakuwahi kusema chochote. Angepandisha lori taratibu, avute breki, atoe mkono dirishani na kusema, “Pima, Kapteni.” Neno hilohilo kila siku, kwa sauti ileile, kana kwamba anamwambia rubani wa kweli aanze safari. Na kwa sababu ya neno hilo Kaluki aliumia kuliko kwa maneno yote ya Mwololo.

Kwani Githongo alikuwa na binti, Shiro. Shiro alikuwa mdogo kwa Kaluki kwa miaka mitatu, na utotoni alimfuata kila mahali. Kaluki ndiye aliyemsuka nywele siku ya kwanza ya shule. Sasa Shiro alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi. Baba yake alienda sacco kumchukulia mkopo wa ada, akaambiwa hapana. Akiba yake ilikuwa imefungwa. Imemdhamini mtu.

Shiro akaanza kufanya kazi kwenye kibanda cha M-Pesa karibu na soko. Huko ndiko Kaluki alikoenda, mwisho wa mwezi mmoja, kutuma pesa kliniki. Ilikuwa ada ya uchunguzi wa afya. Leseni ya rubani haikai tu kama kitambulisho. Kila mwaka unapimwa macho, moyo na masikio, na unarudi hewani na mkaguzi, na yote unalipia wewe. Ukiacha, inakufa. Karibu nusu ya mshahara wa mizani ilikuwa inaingia huko.

Shiro alisoma jina la kliniki kwenye simu.

“Hii ni ya medical?”

“Ndio.”

“Ya leseni.”

“Shiro…”

“Hapana, nauliza tu. Nataka kuelewa.” Shiro hakuinua sauti. Kulikuwa na watu nyuma. “Baba yangu anakatwa. Mimi nimeketi hapa. Halafu wewe ukipata kitu kidogo, unaipeleka kwa leseni. Hiyo leseni imewahi kufanya nini?”

“Nikiiacha ikufe, basi ile pesa yote imeenda bure. Hata ya baba yako.”

“Na nikiiacha admission ya chuo ikufe?”

Shiro alihesabu noti, akagonga simu, akasoma namba ya kuthibitisha kama anavyomsomea mteja yeyote. Kisha akamwita aliyefuata.

Tangu siku hiyo Kaluki alipitia njia ya nyuma.

*

Maweu alifariki Agosti 2021, saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, akiwa amekaa kwenye jiwe la tenki akisikiliza ndege asizoweza tena kuziona. Siku za mwisho alikuwa akizitambua kwa mlio, na mara nyingi alikosea, na Phylis alikuwa akimwambia amepatia.

Alikuwa ameshasema anataka kuzikwa hapo uani, si kwao Mwala. Ndio udongo pekee alioununua mwenyewe, alisema, na kutoka hapo atasikia zikipita.

Siku mbili kabla ya mazishi, Kaluki alikuwa akipanga vitu vya baba yake akapata kopo la majani ya chai chini ya kitanda, limefungwa kwa raba. Ndani yake kulikuwa na vidonge vya kisukari, vingi, vyote nusu. Vilikuwa vimekatwa katikati kwa wembe, kwa mkono wa mtu asiyeona vizuri, vingine vimepasuka vibaya vikawa unga. Maweu alipaswa kumeza kimoja asubuhi na kimoja jioni. Alikuwa akimeza nusu.

Alimpelekea mama yake lile kopo jikoni. Phylis alilitazama, akavuta kiti.

“Alikuwa anasema zikae,” Phylis akasema. “Alikuwa anasema zikikaa, mwezi ujao hatununui, ile pesa tunaongezea Githongo.”

“Na wewe ulijua, Mwaitu?” Kaluki akamwuliza mama yake.

“Nilijua mwishoni.” Phylis akafunga kopo, akalifungua, akalifunga. “Nikamwambia ameze yote. Akasema lori halihitaji tenki kujaa ndio lifike.”

Wiki ya pili baada ya mazishi, barua ya sacco ilifika. Ilikuwa fupi. Bima imelipa deni lililobaki. Wadhamini wameachiliwa. Sacco inaipa familia pole.

Kaluki aliisoma mara tatu. Miaka miwili na nusu alikuwa amekimbia huku na huku, amefua shati, amekaa kwenye kibanda cha kioo, amevumilia honi, na hakuweza kuwafungulia wale watu hata shilingi moja. Baba yake alikuwa amewafungulia wote kwa asubuhi moja, akiwa amekaa.

Alikumbuka kicheko chao mbele ya Nasieku. Na Githongo naye alikuwa amekumbuka, kwa maana siku ya mazishi yeye ndiye aliyebaki kaburini wengine walipokwenda kula. Kaluki alimfuata na kikombe cha chai.

“Nilimwambia aishi,” Githongo akasema, bila kugeuka. “Ulisikia? Ulikuwa pale mlangoni. Nilimwambia ishi, tutalipa.”

“Nilisikia, mzee.”

“Yeye alifikiria ni mzaha.”

Chai ikapoa mkononi mwa Kaluki. Shiro alikuja nyuma yao, akamshika baba yake kiwiko kumwondoa juani. Alisita mbele ya Kaluki. Hawakuwa wamesemezana kwa karibu mwaka.

“Nilienda kuuliza chuo,” Shiro akasema. “Wanaweza kunichukua tena. Ikiwa ada iko.” Alitazama chini. Wote wawili walijua, hata kabla ya barua, itatoka wapi. “Kaluki, sijui nikuambie pole ama asante. Hakuna mahali nimefundishwa hii.”

Kaluki akamkumbatia, chai ikamwagika kwenye viatu vya wote wawili.

Jumatatu iliyofuata mazishi alirudi mizanini. Mwololo alipanda na lori lake, akateremsha kioo, akafungua mdomo, akaufunga. Alichukua karatasi yake kwa mikono miwili. Na Githongo alipofika, alivuta breki, akatoa mkono dirishani, akangoja. Hakusema lile “Pima, Kapteni.” Hakulisema tena mpaka Kaluki alipoondoka pale.

*

Aliondoka mwaka 2023. Yule mzee wa mizigo aliyevua miwani alimpigia simu. Biashara ilikuwa imerudi, marubani wenye masaa walikuwa wamekwenda nchi za nje, na alimkumbuka msichana aliyemjibu. Leseni yako iko hai? Iko hai, Kaluki akasema. Ilikuwa imegharimu kila kitu, lakini ilikuwa hai.

Kampuni ilimfundisha ndege yake kwa masharti: miaka mitano hatoki, na kila mwezi sehemu ya mshahara inarudi kwao. Alipotia sahihi, karani wa kampuni alimwuliza kama ana mdhamini.

“Hapana,” Kaluki akasema. “Andika mimi peke yangu.”

Hubeba dawa, vipuri na mirungi. Kiti cha mkono wa kulia, ndege yenye kelele. Makato yale yaliyokuwa yamewakata wale wanne kabla ya bima kulipa hayakurudishwa na mtu yeyote, na hakuna sheria iliyomtaka Kaluki ayarudishe. Anayarudisha. Mwisho wa mwezi humtumia kila mmoja kidogo kidogo. Mwololo hujibu kwa utani mpya kila mara. Githongo, ambaye sasa amestaafu na ana binti muuguzi wa hospitali huko Kajiado, hujibu kwa neno moja: “Imefika.”

Kapteni hajawa bado. Watu wa Noonkopir wanaendelea kumwita hivyo, na yeye ameacha kuwasahihisha.

Mshahara wake wa kwanza aliununulia taili nyeupe, vile vigae vya kung'aa, za kufunika kaburi la baba yake pande zote. Kaka yake Mbuvi, baba yake Mumo, alilalamika sana. Kwa nini nyeupe, na vumbi hili la Kitengela? Si achukue za kijivu, za bei nafuu, zisizoonyesha uchafu? Kaluki akasema nyeupe. Na akaomba jambo moja zaidi: zioshwe kila Jumamosi.

Kazi hiyo ikamwangukia Mumo. Sasa yuko gredi ya kumi, mrefu kuliko shangazi yake, na Jumamosi moja mwaka huu Kaluki alipata siku ya mapumziko, akamkuta amepiga magoti kaburini na brashi na sabuni ya unga, jasho likimtoka. Kaluki akachukua kitambaa, akaanza upande wa pili. Ndege kubwa ilipita ikishuka. Wote wawili waliinua vichwa, wakasoma mkia, wakarudi kazini.

“Anti, niulize kitu?”

“Uliza.”

“Kila wiki nasugua hizi taili. Mvua ikinyesha ni matope, jua likiwaka ni vumbi. Susu haoni vizuri siku hizi, baba hazijali. Kwani ni nani anazionanga?”

Kaluki alikamua kitambaa chake. Mikono yake ilinuka sabuni.

“Kuna swali uliniuliza ukiwa mdogo. Ulikuwa umekalia kreti.”

“Kama unaonanga nyumba yetu.”

“Bado unakumbuka?”

“Hukunijibu,” Mumo akasema. “Ndio maana nakumbuka.”

Kaluki alitazama paa la nyumba, bati la kawaida, lenye kutu kidogo pembeni, na jingine la jirani, na jingine, hadi mbali. Kamba ya kiatu chake ilikuwa imefunguka. Hakuinama.

“Siku ile nilikuwa nimeshaitafuta na nikaikosa,” akasema. “Bati zote ni sawa ukiwa juu, Mumo. Lakini siku hizi tukitoka Wilson tukishika njia ya Kajiado, nikiangalia chini naona kitu nyeupe, kadogo, kama ile karatasi nilikuwa natoa pale mizani. Huyo ni babu yako. Nikishamwona yeye, najua nyumba ni ile bati iko kando yake.”